Mtoto wa Kiti cha Nyuma

Siku ya tatu baada ya Krismasi, asubuhi, Matroni aliingia kutandika kitanda cha watoto akakuta mabonde matatu kwenye godoro.

Watoto wake walikuwa wawili. Walilala mzungu wa nne, huyu kichwa huku na yule kule, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimoja tena chembamba, na godoro lenyewe lilikuwa limezeeka: kila aliyelilalia lilibaki na umbo lake mpaka lipigwe. Bonde refu la ukutani lilikuwa la binti, miaka kumi. Bonde fupi la ukingoni lilikuwa la mvulana, miaka mitano. La tatu lilikuwa katikati, dogo na la mviringo, kama la mtu aliyelala amejikunja magoti yakagusa kidevu. Matroni aliweka kiganja. Watoto walikuwa wameamka saa nzima iliyopita na mabonde yao yalikwisha poa. La katikati lilikuwa na joto.

Akalipiga godoro mara mbili, likajaa. Akatandika shuka na kuivuta mpaka ikanyooka. Mvulana anageuka usingizini kama samaki kikaangoni, alijiambia, na leo si siku ya kuhesabu mabonde.

Ilikuwa siku ya kuhesabu saa. Saa kumi na moja jioni baba yao angekuja kuwachukua.

Matroni lilikuwa jina la kazi, na lilikuwa limemganda hata majirani walimwita hivyo. Kwa miaka mitatu alikuwa akipanda basi la shule kabla ya alfajiri, akifunga mikanda, akifuta makamasi, akihesabu vichwa. Alihesabu kwa mkono, bila kuangalia, kiganja kikipita juu ya vichwa kama mtu anayepapasa maboga: arobaini na wawili asubuhi, arobaini na wawili jioni. Watoto wa wenzake aliwahesabu mara mbili kwa siku. Wa kwake aliwahesabu likizo hadi likizo. Ndoa ilipovunjika hakukuwa na ugomvi wa kusimulia. Kulikuwa na swali moja tu, nani atakuwa nyumbani watoto wakitoka shule, na jibu halikuwa yeye.

Lakini mwaka huu shule ilikuwa imemwahidi kazi ya ofisini kuanzia Januari, kuingia saa mbili, kutoka saa tisa. Alipompigia baba watoto kumweleza, yule bwana alisema, "Haya. Wakae kwako Krismasi yote. Nikija kuwachukua nikakuta wametulia, Januari nakuletea na mabegi yao."

Hayo tu. Matroni alikuwa ameyabeba maneno hayo kama mtu aliyebeba yai.

Waliondoka kwenda madukani saa tatu, yeye na orodha yake: viatu vya shule jozi mbili, soksi, makasha ya plastiki ya kuhifadhia mapambo, gundi ya utepe. Mvulana aliongea tangu mlangoni mpaka barabarani, ndiyo maana aliitwa Kasuku. Dada yake alitembea kimya, mikono nyuma. Yeye aliitwa Hakimu, kwa kuwa tangu ana miaka minne alikuwa akiamua kesi za watu wazima, na hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Duka lilikuwa na sura ya nyumba iliyofanyiwa sherehe na wageni wasiotaka kuondoka. Kengele za karatasi zilining'inia kwa uzi mmoja. Wimbo wa Krismasi bado ulipigwa, lakini chinichini, kama mtu anayeimba kwa aibu. Watu walichakura vikapu vya nusu bei, wakishika vitu na kuvitupa. Kwenye foleni ya viatu msongamano ulizidi, na Matroni, macho yake yakiwa kwenye rafu, alipitisha kiganja nyuma yake kama alivyozoea.

Kichwa cha Hakimu, nywele zilizosukwa. Moja. Kichwa cha Kasuku, kipara kilichonyolewa juzi. Mbili.

Na cha tatu, chini kidogo, chenye nywele fupi zilizolowa jasho. Kilisukuma juu kidogo kukipokea kiganja chake, kama paka anavyofanya.

Aligeuka. Hakimu alikuwa kulia, Kasuku kushoto, na kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja mdogo, katika foleni ambayo hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata unyasi.

"Mama mkubwa, leo umeamkia upande mzuri," alisema muuza viatu, kijana wa maneno mengi mwenye kalamu sikioni. "Ukichukua jozi mbili, ya tatu bure. Wawili hawa nimeshawaona miguu yao. Na yule mdogo, namba ngapi?"

"Hakuna mdogo mwingine."

Muuza viatu akachungulia nyuma ya Kasuku. Akakunja uso, akaangalia kulia na kushoto. "Basi amekwenda kwa mama yake. Alikuwa amekushika sketi hapo, nikasema huyu mama ana kazi. Haya, bure ni bure, chukua ya jirani. Namba ngapi?"

"Ishirini na sita," alisema Hakimu.

Matroni alimtazama binti yake. "Nani anavaa ishirini na sita?"

Hakimu alitazama vidole vya miguu yake. Aliyejibu alikuwa Kasuku. "Wa Nyuma."

"Wa nyuma yupi?"

Hakimu akamkanyaga mdogo wake, taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Kasuku akafunga mdomo, na hilo pekee lilimtia Matroni baridi kuliko yote, maana mtoto yule hakuwa amewahi kufunga mdomo kwa kukanyagwa mara moja.

Walirudi na jozi tatu. Hakujua kwa nini hakuikataa ile ya tatu. Pengine mkono wa mtu mwenye uhaba haujui kukataa.

Nyumba ilikuwa sebule, chumba, jiko na kibaraza kidogo mbele. Walianza kushusha mapambo saa sita. Matroni alikuwa na utaratibu wake: taa zinazungushwa kwenye kipande cha boksi ili zisijifunge mafundo, vioo vya duara vya mti wa Krismasi vinavishwa soksi kuukuu kimoja kimoja, nyota inawekwa juu kabisa ya kasha, kwa sababu mwakani ndiyo itakayotafutwa kwanza. Alitamani wafanye hivyo watatu, wakicheka, na baba yao akifika akute makasha yamepangwa ukutani na watoto wana harufu ya sabuni.

Harufu iliyokuwepo haikuwa ya sabuni. Aliisikia alipoinama nyuma ya kochi kuchomoa waya: harufu ya viti vya plastiki vilivyokaa juani siku nzima, vumbi la nywele za watoto, maziwa yaliyomwagika yakafutwa vibaya. Aliijua harufu ile. Ilikuwa harufu ya kazini.

Kisha ikaanza sauti. Tup. Tup-tup. Tup. Sauti ya kisigino kinachopiga mgongo wa kiti. Kila matroni wa basi la shule anaijua, na kinywa chake kilijibu kabla ya akili. "Miguu."

Sauti ikakatika.

Watoto wake wote wawili walikuwa mbele yake, wamekaa sakafuni na soksi za mapambo mapajani. Hakuna aliyeinua uso.

"Tucheze karata kidogo," alisema, na akasikia jinsi sauti yake ilivyopanda. "Tupumzike."

Hakimu aligawa. Aligawa vizuri, karata moja moja, akizunguka. Mama. Kasuku. Mimi. Na nafasi tupu iliyokuwa karibu na goti la Kasuku. Mafungu manne.

"Tuko watatu, Hakimu."

"Ndiyo, mama." Binti akanyoosha mkono kulikusanya fungu la nne, kisha akasita. "Lakini ameshaziona."

Matroni akalichukua mwenyewe. Karata zilikuwa zimepangwa, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, nazo zilikuwa na unyevu pembeni, mahali ambapo vidole hushika.

Alimwacha Kasuku na kasha la nyota, akamvuta Hakimu jikoni, akafungua bomba ili maji yapige kelele.

"Niambie."

"Utakasirika."

"Sikasiriki. Niambie, mama yangu."

Hakimu alishika ukingo wa sinki. Alisema chini kabisa, mdomo haukufunguka sana. "Tulimkuta. Siku tuliyokuja alikuwa amekaa nyuma ya kochi. Tulidhani unajua. Anasema anaitwa Wa Nyuma kwa sababu anakaa nyuma. Anasema wewe ndiye uliyemwita."

"Mimi?"

"Anasema ulisema twende nyumbani, akaja. Anasema mlikuwa mnakula pamoja jioni, wewe unaongea, yeye anasikiliza. Anasema hapa ni kwake, mama. Sisi ndio wageni. Anatuuliza kila siku tunaondoka lini."

Maji yalikuwa yakimwagika. Matroni aliyatazama, na katika kuyatazama siku ile ikamrudia, siku ya kufunga shule, mapema mwezi huo. Sheria ya basi ilisema mtoto wa mwisho akishuka, matroni aende mpaka nyuma, achungulie chini ya kila kiti. Yeye aliiongezea maneno, tangu wiki yake ya kwanza, kwa hofu ya kumfungia mtoto aliyelala: "Aliyebaki ajitokeze." Kila jioni, kwenye basi tupu, aliyasema. Lakini siku ile, akijua shule imefungwa na nyumbani hakuna hata wa kumwambia kwamba imefungwa, alisimama kwenye safu ya mwisho akaongeza, kwa mzaha wa mtu anayezungumza peke yake, "Aliyebaki ajitokeze, basi, twende nyumbani kwangu tukale." Na mkanda mmoja wa kiti ulilia: klik. Alidhani ni chuma kinapoa.

Akakumbuka pia wiki zilizofuata. Jinsi alivyokuwa akipika chakula kingi kuliko tumbo lake. Jinsi alivyokuwa akisimulia siku yake kwa sauti huku akikunja nguo, na alivyofikiri, kwa shukrani kidogo, kwamba upweke mwaka huu umepungua makali.

Alitoka kibarazani akampigia dereva wa basi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mitatu. Dereva alikuwa na basi lile miaka kumi na moja.

"Matroni, likizo imekushinda?" dereva alicheka. "Nilijua. Mtu akizoea kelele, kimya kinamuumiza meno."

"Dereva, nisikilize. Kule nyuma ya basi kuna nini?"

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na dereva aliporudi alikuwa anaongea kwa pumzi. "Umeona au umesikia?"

"Liko kwangu. Na watoto wangu."

"Ulilialika?"

Matroni aligeuka akatazama mlango wa sebule.

"Ulilialika," dereva alisema. "Ningekuambia, dada. Nilidhani bora usijue. Si mtoto aliyekufa, usije ukaanza kulihurumia. Hakuna mtoto aliyewahi kufa kwenye lile basi. Ni jini tu, linapenda pale nyuma kwa sababu joto la watoto ndilo linalobaki. Yule mama aliyekutangulia hakuwa akitamka neno kwenye basi tupu. Hata chafya alikuwa anaizuia."

"Nilitoe vipi? Anakuja baba yao saa kumi na moja."

"Yeye alinifundisha, kama mtu anavyokuachia namba ya fundi bomba, sijawahi kuijaribu. Aliyeliita ndiye wa kulikana. Ulitazame pale lilipo, uliambie mara tatu, wewe si mwanangu. Ya tatu ikitoka, linaondoka."

"Basi."

"Subiri. Hakikisha unaliambia lenyewe. Neno lile halina macho, Matroni. Likimwangukia mwingine, ndiye atakayeondoka."

Saa yake ilisema saa tisa na nusu.

Alijaribu kwanza kuwatoa watoto nje, abaki nalo peke yake. Lakini Hakimu alipomshika mdogo wake mkono wakatoka kibarazani, harufu ilitoka nao, na sebule ikabaki sebule tu, na makasha yake matatu na mti uliovuliwa nguo. Aliwaita ndani. Harufu ikarudi. Kasuku alipokaa kwenye kochi, mto wa kochi pembeni yake ulizama wenyewe, ukashika umbo la makalio madogo. Lilimganda mvulana. Alikuwa mdogo kuliko wote, na pengine kwa hesabu ya kile kitu nafasi yake ndiyo ilikuwa karibu kuipata.

Matroni alipiga magoti mbele ya mwanawe, akamfuta jasho la pua. "Kasuku, mama atasema maneno mabaya kidogo. Si yako. Ni ya Wa Nyuma. Umesikia?"

"Kwa nini? Amefanya nini?"

"Amekaa muda mrefu."

"Lakini hana pa kwenda," Kasuku alisema, kama mtu anayeeleza jambo la wazi kwa mtu mzito wa kuelewa.

Hakimu alisimama mlangoni, mgongo wake umegusa fremu. Jua la alasiri lilikuwa limejaa chumba kizima. Kila kitu kilionekana, uzi wa mapambo kwenye zulia, alama za vidole kwenye kioo cha televisheni iliyozimwa. Katika kioo kile cheusi Matroni alijiona amepiga magoti, akamwona mwanawe kwenye kochi, na ubavuni kwa mwanawe akaona kichwa kingine, kidogo, kimeinama upande, kinamtazama yeye. Akageuza macho kutoka kwenye kioo, akayakaza juu ya mto ule uliozama.

"Wewe si mwanangu," alisema.

Mto ulitetemeka. Harufu ya viti vya moto ilipanda mpaka macho yake yakalengwalengwa na machozi, na kutoka nyuma ya kochi kisigino kikaanza kupiga, tup, tup, tup, haraka haraka, kama mtoto anayekataa kushuka.

"Wewe si mwanangu," alisema tena, na hapo ule mto ukajaa, ukainuka polepole mpaka ukawa sawa na mingine, na alipokuwa bado hajajua kama afurahi aliona shati la Kasuku likibonyea begani, kisha kifuani, kana kwamba mtu anapanda mapajani mwake, anageuka, anaegemeza mgongo wake kwenye kifua cha mtoto na kisogo chake kwenye kidevu cha mtoto na kuzidi kuegemea, na kuzidi, mpaka hapakuwa tena na wa mbele na wa nyuma, na uso wa mwanawe, uso aliouosha maelfu ya mara hata kama siku hizi ilikuwa kwa likizo tu, ukalegea mahali usipowahi kulegea, ukakaza mahali usipowahi kukaza, na yale macho yaliyoinuka kumtazama yalikuwa na machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini ya nani hakuweza kusema.

"Mama," mdomo ule ulisema. "Unamwambia nani?"

Neno la tatu lilikuwa kwenye ulimi wake. Alilisikia pale, zito kama jiwe la mto. Alitafuta katika uso ule alama moja ambayo angeiapia, kishimo cha shavu, kovu la nyusi, na akakuta zote zipo, kila moja mahali pake, na akatambua kwamba hakuwa na hakika, kwamba mama mwingine, mama anayelala na kuamka na mtoto wake, angejua papo hapo bila kutazama mara mbili, lakini yeye alikuwa mama wa siku chache kila likizo, na siku hizo hazikumtosha.

Akafunga mdomo. Akalimeza lile neno, akamkumbatia aliyekuwa mbele yake, yeyote aliyekuwa, na mikononi mwake walilia wawili.

Waliposikia honi, Kasuku alikuwa amerudi kuwa Kasuku, amechoka, pua imemvimba. Mto wa pembeni yake ulikuwa umezama tena.

Baba watoto aliingia akajipangusa viatu mlangoni, kama afanyavyo mgeni. Alitazama makasha yaliyopangwa ukutani, kila moja na karatasi yake: taa, vioo, nyota. Alitazama zulia lililofagiliwa.

"Umepanga, mama watoto. Kwangu mti bado umesimama, umeanza kutuangalia vibaya." Akamkonyeza Hakimu. "Mheshimiwa, hukumu?"

Hakimu alimtazama mama yake. "Tumekaa vizuri," alisema.

"Kasuku mbona amevimba?"

"Hataki kuondoka," Matroni alisema. Hakujua kama ni uongo.

Yule bwana akatikisa kichwa polepole. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa. "Basi nadhani tumeshajibiwa. Nimeongea na mwenzangu kule, hana neno. Tarehe tano nawaleta, na vitanda nitaangalia namna."

Kwa hivyo lilisemwa. Neno alilolisubiri mwaka mzima lilisemwa mchana kweupe, sebuleni kwake, bila hata kuombwa, na Matroni akaitikia kwa kichwa kwa sababu shingo yake tu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi.

Aliwabebea mifuko mpaka barabarani. Hakimu aliingia mbele. Kasuku aliingia nyuma, akajisogeza mpaka dirisha la mbali, akapiga kiti pembeni yake kwa kiganja.

"Baba, toa begi lako hapa. Wa Nyuma hana pa kukaa."

"Rafiki mpya?" Baba yake akacheka, akalihamishia begi sakafuni. "Karibu, rafiki mpya."

Gari likainama. Si sana, kiasi cha mtoto mmoja. Springi za upande wa karibu zikalia, mlango wa nyuma ukajifunga kwa utaratibu, na Hakimu, kwenye kiti cha mbele, akajiziba mdomo kwa mkono.

Kwa muda wa pumzi moja Matroni alikiacha kiende. Hili hakumwambia mtu baadaye. Kwa pumzi moja aliiona nyumba yake ikiwa safi, tarehe tano ikifika, mabegi mlangoni, na kile kitu kikiwa tatizo la nyumba nyingine yenye watu wengi zaidi. Kisha akawaona watakaokuwa wamelala nacho usiku huu, na uso wa nani kitakuwa kimeanza kuujaribu.

Akafungua mlango wa nyuma, akachuchumaa.

"Shuka," alisema.

Kiti kilikuwa kitupu, kimezama. Kasuku aliegemea upande, akasikiliza. "Hataki. Anasema ulimkataa."

"Mama watoto, nini?" aliuliza yule bwana kutoka kwenye usukani.

Matroni aliweka mkono juu ya kitambaa cha kiti, mahali palipozama, na palikuwa na joto. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ya kazini, ya saa kumi na mbili asubuhi, ya kumwamsha mtoto wa watu bila kumshtua. "Shuka, mwanangu. Hawa wana kwao. Wewe kwenu ni hapa."

Gari likainuka.

"Ameshuka," Kasuku alisema. Halafu, baada ya kufikiri, "Na mimi, mama? Kwetu ni wapi?"

"Kwa baba," alisema Matroni. Akaufunga mlango taratibu, akazunguka mpaka dirisha la dereva. "Wasije tarehe tano."

Yule bwana alizima injini. "Sijaelewa."

"Waendelee kukaa kwako. Hata likizo. Mimi nitakuja kuwaona huko."

Yule bwana alimtazama. Kisha akatazama mlango wa nyumba uliokuwa wazi nyuma yake, na Matroni akaona jinsi alivyolipata jibu lake mwenyewe. "Kuna mtu," alisema.

"Kuna mtu."

"Ungesema tu. Sisi si watoto." Hakukasirika. Alionekana tu kama mtu aliyebeba mzigo mzito kumletea mwenzake akaambiwa aurudishe. "Watoto walikuwa wameshaanza kuhesabu siku, lakini."

"Najua."

Injini ikawaka. Hakimu hakulia. Aliteremsha kioo kiasi cha vidole vinne, akavitoa vidole vyake, na Matroni akavishika mpaka gari liliposogea na kuvivuta.

Alisimama barabarani mpaka kona ikalimeza. Jua bado lilikuwa juu ya mapaa. Jirani mmoja alikuwa akipiga zulia, mwingine akiburuta mti mkavu kuelekea jalalani. Kisha kitu chenye unyevu, kidogo, chenye vidole vitano, kikaingia kwenye kiganja chake na kutulia. Hakukitoa. Walirudi ndani hivyo, hatua zake akizifupisha bila kukusudia.

Sebule ilikuwa safi kama alivyotaka iwe. Alifunga mlango. Alikaa kwenye kochi, na mto wa pembeni yake ukazama, na uzito mdogo ukaegemea mbavu zake, ukapumua, ukatega sikio. Kilikuwa kinamsubiri aongee. Jioni zote zile alikuwa akiongea. Alisikiliza bomba la jikoni likidondoka, akifikiri juu ya jioni za Januari, na za Februari, na za miezi mingine yote ambayo ina jioni.

"Umekula?" aliuliza mwishowe.

"Bado, mama," alijibu.

Matroni akainuka, akaenda kubandika maji.